Nilivyotembelea sinema iliyogeuzwa maegesho ya magari Detroit: uzoefu wangu

Nimelipia ziara nyingi za mijini, za basi na za miguu, na karibu zote nilizisahau kabla sijafika nyumbani. Hii imenikaa. Wiki mbili zimepita na nikifumba macho bado naliona lile dari. Kama una safari ya Detroit, Michigan, na hasa kama ulikulia miji yetu ya pwani ukaziona sinema za zamani zikifungwa moja moja, nakushauri usome haya kabla hujakata tiketi.

Mimi naishi Columbus, Ohio. Kutoka kwangu mpaka Detroit ni mwendo wa saa tatu na kitu kwa gari, kwa hiyo nilitoka na giza. Ziara yenyewe ni ya kutembea kwa miguu kwa muda wa saa mbili, mnazungushwa kwenye kumbi za sinema za zamani za katikati ya mji. Tiketi nilikata mtandaoni kwa dola 35. Tulikuwa watu kumi na wawili, Jumamosi ya Novemba, baridi inakata masikio.

Kasoro nazitaja mapema. Tuliambiwa saa 3:30 asubuhi pale Grand Circus Park, tukaanza saa 4 kasoro dakika kumi, na hakuna aliyetuomba radhi. Barua pepe waliyotutumia haikusema kwamba njia nzima hakuna choo. Haikusema pia kuwa sehemu muhimu ya ziara, ambayo ndiyo hasa niliyoifuata, iko ndani ya jengo lisilo na joto hata kidogo. Bibi mmoja wa makamo alikuja na viatu vya wazi, masikini, akatetemeka muda wote mpaka kijana mmoja akamvulia koti. Kampuni inayopokea pesa za watu inatakiwa iwaambie mambo haya.

Mwongozaji lakini alikuwa mtu wa kazi yake. Mzee wa pale pale Detroit, sauti nzito, haharakishi maneno. Alibeba jalada la plastiki lenye picha za zamani, na kila tulipofika mahali alilifungua, akatoa picha moja, akainyanyua juu mpaka ilingane na kile kilicho mbele yetu. Hakusema kitu mpaka kila mmoja ameangalia mara mbili. Nimeshafuatana na waongozaji wanaomwaga tarehe kama mvua. Huyu alituacha tuone kwanza.

Tulianzia sinema ya Fox. Hiyo ilifunguliwa mwaka 1928, viti vyake ni zaidi ya 5,000, na ilitengenezwa upya ikafunguliwa tena mwaka 1988. Inang'ara, inafanya kazi, watu wanaingia kwenye maonyesho kila wiki. Nilifurahi kuiona, lakini sina mengi ya kuisemea. Kilicho salama hakihitaji mtetezi. Kutoka hapo tukaingia barabara ya Bagley, tukaoneshwa ilipokuwa United Artists, ya mwaka 1928 pia. Mnara wake wa ofisi wameugeuza nyumba za kuishi, na ukumbi wa sinema wenyewe wameubomoa miaka hii ya karibuni. Mzee alinyanyua picha, sote tukatazama sehemu tupu nyuma ya mnara. Alikaa kimya kidogo, kisha akafunga jalada.

Ndipo tukafika sinema ya Michigan, ile iliyogeuzwa maegesho.

Kwa nje utapita usijue. Jengo la ofisi la ghorofa 13, la kawaida. Unaingia kwa mlango wa magari, unapanda njia ya zege, gizani, harufu ya oili na saruji baridi, unajisemea moyoni hapa nimeibiwa dola zangu. Halafu mzee akasema tusimame tutazame juu.

Sijui niseme nini nieleweke. Juu ya magari, juu kabisa, kuna dari la jumba la kifalme. Nakshi za plasta mviringo ndani ya mviringo, maua, majani, rangi ya dhahabu iliyofifia ikawa kama chai ya maziwa. Pande nyingine plasta imeanguka na chuma cha ndani kinaonekana, kama mbavu za ng'ombe aliyekonda. Mbele kuna tao kubwa la jukwaa, bado limesimama, na kitambaa cha pazia kuukuu kinaning'inia kipande kipande. Chini ya tao hilo, pale waigizaji walipokuwa wakipiga magoti mbele ya watu, imeegeshwa gari nyeupe yenye kiti cha mtoto nyuma.

Nikiwa nashangaa akaja mwanamke mmoja, nadhani anafanya kazi kwenye ofisi za jengo, akaegesha, akashuka, akabonyeza ufunguo. Gari likalia *tiit*. Sauti ile ndogo ikapanda mpaka darini ikarudi nzima, safi, kama vile imepigwa kwenye kengele. Ukumbi ule ulijengwa kwa ajili ya sauti, na bado unaifanya kazi yake. Yeye hakuinua macho. Simlaumu, ameshazoea. Mimi nywele zilinisimama.

Sasa historia yake, kwa kadiri nilivyoelezwa na nilivyosoma mwenyewe baadaye. Sinema ilifunguliwa tarehe 23 Agosti 1926. Waliochora ramani ni ndugu wawili wa Chicago, Cornelius na George Rapp, ndio hao hao waliochora Chicago Theatre. Viti vilizidi 4,000, na gharama yake ilitajwa kuwa dola milioni 5, pesa za wakati huo. Ukumbi wa kuingilia ulipanda ghorofa nne, na vioo na marumaru na thurea za kuning'inia. Filamu zilikuwa bado bubu, kwa hiyo muziki ulipigwa palepale: kulikuwa na kinanda kikubwa cha kampuni ya Wurlitzer chenye safu tano za vibao, na vya namna hiyo kampuni ile ilitengeneza vitatu tu. Kinanda hicho hakikufa. Kilinunuliwa na bwana mmoja wa Racine, Wisconsin, akakifunga chini ya nyumba yake, akajijengea sinema yake mwenyewe humo. Habari hii ilinigusa kuliko zote. Kuna mtu alikipenda kitu mpaka akakichimbia nafasi chini ya nyumba yake.

Na kabla ya sinema, kiwanja hicho kilikuwa na banda la matofali nyuma ya nyumba namba 58, Bagley. Humo ndimo Henry Ford alimotengenezea gari lake la kwanza. Alfajiri ya tarehe 4 Juni 1896 lilikuwa tayari, kulitoa halitoki, mlango mwembamba, ikabidi avunje ukuta. Mfano wa banda hilo upo Greenfield Village kule Dearborn. Mzee alilitaja hili kwa sentensi mbili tu, akatazama magari yaliyotuzunguka, akaendelea na mengine.

Kilichoiua sinema si kitu kimoja. Televisheni iliingia majumbani. Wenye uwezo wakahamia vitongojini, na huko zikajengwa sinema mpya zenye pa kuegesha magari. Detroit mwaka 1950 ilikuwa na watu kama milioni 1.85, mwaka 2020 walihesabiwa kama 639,000. Ukumbi wa viti 4,000 unahitaji mji uliojaa. Mwaka 1967 ukafungwa. Baadaye ukarudi na jina la Michigan Palace, ukawa wa muziki wa roki, na vijana wakafanya walivyofanya. Iggy Pop na bendi yake ya Stooges walipiga humo tarehe 9 Februari 1974 huku watu wakiwarushia chupa, mayai na mabarafu. Mwaka 1976 milango ikafungwa tena.

Wapangaji wa ofisi za jengo lile walikuwa wanadai pa kuegesha, la sivyo wahame. Wenye jengo walitaka waubomoe ukumbi, lakini ukumbi na ofisi vimeshikana. Ukiondoa mmoja, mwingine unaweza kuanguka. Basi mwaka 1977 wakautoa moyo tu. Viti nje, wakajenga sakafu tatu za zege katikati, magari kama 160. Dari wakaliacha kwa sababu halikuwa na kazi ya kuwazuia.

Katika kundi letu kuna waliosema ni aibu, bora wangebomoa kuliko kuidhalilisha namna hii. Mimi nilikataa palepale na bado nakataa. Tulikuwa tumetoka kwenye kiwanja cha United Artists dakika kumi nyuma. Pale ungemwonesha nini mtoto wako? Hapa angalau unasimama, unainua kichwa, unaelewa kwamba fundi wa rangi, tena mfanyakazi wa kawaida wa kiwandani, alikuwa akilipa tiketi yake na kukaa chini ya dari kama la mfalme. Hilo huwezi kulielewa kwa picha.

Nilimpigia mama yangu simu ya video. Ilikuwa saa 5 asubuhi Detroit, Unguja saa 1 usiku, ameshaswali magharibi.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona uko gizani?"

"Niko sinema. Tazama juu."

Nikaigeuza simu. Akanyamaza. Nikadhani mtandao umekatika.

"Dari la nani hilo?"

"La sinema, Mama. Ya mwaka 1926."

"Na hayo magari yanafanya nini humo?"

"Wameyafanyia maegesho."

"Ehee. Na pazia la picha liko wapi?"

Nikamwambia halipo. Akasema basi nimwoneshe lilipokuwa. Nikatembea mpaka karibu na tao, nikapita baina ya magari, nimenyanyua simu kwa mikono miwili.

Mama yangu ni mtoto wa Vuga, mjini Unguja. Sinema yake ni Majestic, iliyojengwa miaka ya 1950 pale palipokuwa na Royal, ambayo ilifunguliwa mwaka 1921 na baadaye ikaungua moto. Amekua akienda Majestic na shangazi zake, Jumapili, baibui zimepigwa pasi, udi umefukizwa nguoni, kutazama picha za Kihindi. Tiketi usipoiwahi, unainunua kwa mlanguzi nje kwa bei anayotaka yeye. Ananihadithia tangu nikiwa mdogo namna mkanda mmoja ulivyokuwa ukichezwa kwenye sinema mbili: roli la kwanza likimalizika huku, kijana anapanda baiskeli anakimbia nalo kwenda Cine Afrique, ile iliyokuwa ikiitwa Sultana kabla ya Mapinduzi, na watu kule wanangoja, wanapiga miluzi. Siku baiskeli ikipata pancha, sinema nzima inajua.

Kwa hiyo aliposema nimwoneshe balkoni nilijua anatafuta nini. Sehemu ya balkoni ya Michigan bado ipo, juu ya sakafu ya tatu, na nyuma yake kuna chumba cha mitambo ya kuonyeshea. Nikamwonesha. Akaniambia nisogee kushoto. Akaniambia nirudi kidogo. Akasema, "Basi, hapo hapo. Sisi tulikuwa tukikaa kama hapo." Nikasimama hapo mpaka mkono ukaniuma.

Mwongozaji aliniona, akaja, akaniuliza ninaongea na nani. Nilipomweleza akatoa ile picha ya 1926 kwenye jalada, akainyanyua mbele ya simu ili Mama aione, viti vyote 4,000 na zaidi vikiwa vitupu vinangoja watu. Mama akasema "ahsante sana baba" kwa Kiswahili, na yule mzee akainamisha kichwa kama kaelewa.

Ndani tulipewa dakika 25. Ni chache mno. Ziara ikipunguza kusimama Fox na kuongeza nusu saa hapa, nitailipia dola 50 bila kuuliza. Mengine ya kujua: vaa viatu vya kufunika na soksi nzito, hata kama nje kuna jua. Chukua tochi ya maana, ya simu haifiki darini. Usisimame chini ya sehemu ambayo plasta imeachia. Wenye magoti mabovu wajue kuna kupanda njia za magari zenye mteremko. Kupiga picha tuliruhusiwa, lakini ni sehemu ya kazi ya watu, wanaingia na kutoka, kwa hiyo wapishe. Na ukitaka kuingia peke yako bila ziara, omba ruhusa kwa mlinzi kwanza, maana ni maegesho ya wapangaji.

Kwa nyota tano naipa nne. Ile moja nimeizuia kwa ajili ya yule bibi wa viatu vya wazi.

Nimeshakata tiketi nyingine ya mwezi wa Mei, mbili safari hii, yangu na ya binti yangu mwenye miaka kumi na moja. Mama ameniambia nimpigie tena nikifika pale mbele ya tao, na simu nisiigeuze mpaka aseme yeye.