Kadi ya bima na maji ya Mokowe: tathmini ya mstaafu wa Lamu

Mtaa wetu wa Mkomani umejaa wastaafu: waliokuwa bandarini Mombasa, walimu, makarani wa serikali, na waliorudi kutoka Uarabuni baada ya miaka mingi ya kazi. Tukikaa barazani baada ya sala ya alasiri, mazungumzo hayakawii kufika kwenye bima ya afya, kwa sababu bima ya mwajiri hukoma mtu anapostaafu, na wakati huo ndipo presha na sukari zinapoanza kumsumbua. Mimi na mke wangu tumekuwa na bima ya kampuni binafsi kwa miaka mitatu, sambamba na ile ya serikali, na tathmini hii naiandika kwa ajili ya wazee wenzangu ambao hawajaamua.

Nianze na ya serikali. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, imeshika nafasi ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya hospitali uliokuwapo tangu 1966. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya pato lake. Asiye na mshahara huulizwa maswali kuhusu hali ya nyumba yake, kisha hukadiriwa mchango usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, ambao hutakiwa wa mwaka mzima kwa mkupuo. Kwa mzee anayeishi kwa pensheni, mkupuo huo ni mzito. Hata hivyo nasema bila kusita kwamba bima hii iwe ya kwanza, kwa kuwa haimkatai mtu kwa umri wake wala kwa maradhi aliyo nayo. Aliyejisajili hutibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya, na akilazwa katika hospitali ya ngazi ya 4 hulipiwa shilingi 3,360 kwa siku, kiasi kinachosaidia sana hapa nyumbani lakini kisichofika mbali katika hospitali binafsi za Mombasa.

Kwa pengo hilo ndipo tuliponunua bima binafsi. Wakala alikuja nyumbani, akanywa kahawa, akasema, "Mzee wangu, kadi hii inakubalika kila mahali." Nilimwamini, nikatia sahihi kijitabu ambacho sikukisoma hadi mwisho.

Mwaka jana, wakati wa kusi, mke wangu alizidiwa usiku. Katika hospitali ya King Fahd walimtuliza presha na kumwandikia rufaa ya Mombasa. Kabla ya alfajiri tulifika gatini, na maji yalikuwa yamekupwa, boti iko chini kabisa, ngazi zimeota mwani. Wanaume wanne walimshusha kwa machela, hatua moja baada ya nyingine, wa mbele akipapasa kwa mguu kabla ya kukanyaga, naye mke wangu ameshika ncha ya kikoi changu asiiachilie. Tukavuka hadi Mokowe, gati la upande wa bara, na hapo tukaingia ambulansi kwa safari ya zaidi ya kilomita 300. Tulipofika, karani wa malipo aliijaribu kadi, akatuambia kwamba ni halali, ila hospitali ile haimo katika orodha ya daraja letu la bima. Tukahamia nyingine, na huko kibali cha malipo hakikuja hadi jua limeinama, kwa kuwa kampuni ilitaka uthibitisho kwamba maradhi hayakuanza kabla ya mkataba. Wanangu walituma shilingi 50,000 kwa simu ndipo akapewa kitanda. Mwishowe kampuni ililipa, lakini kwa kikomo cha maradhi sugu, kilicho chini mno kuliko ile jumla kubwa iliyochapishwa kwenye jalada la kijitabu.

Kwa hiyo mzee anayekuja kwangu na kijitabu cha bima, mimi humwambia aiache ile jumla ya jalada, afungue kurasa za orodha ya hospitali na za maradhi sugu, aulize muda wa kungoja kabla bima haijaanza kulipa ni miezi mingapi, na kama mkataba utaendelea akishapita miaka 70 au 75. Matibabu ya nje tumeyaondoa kabisa katika mkataba wetu: katika orodha yao Lamu ilikuwa na kliniki moja tu, na mchango wa sehemu hiyo ulizidi bei ya dawa za mke wangu za mwaka. Wengi hapa huuliza pia kama bima ni ya takafuli, yaani inayofuata sharia ya Kiislamu, nami naona ni swali la haki, lakini nayo isomwe kwa jicho lile lile.

Jambo ambalo wakala yeyote hakunigusia ni safari. AMREF Flying Doctors wana uanachama wa mwaka uitwao Maisha, wa kumsafirisha mgonjwa kwa ndege. Kwa mkazi wa kisiwani nauona una thamani kubwa, ilimradi aelewe kwamba hulipia usafiri na si kitanda cha hospitali, na kwamba uwanja wa ndege uko kisiwa jirani cha Manda, hivyo boti bado itahitajika.

Mwaka huu tumebaki na SHA, uanachama wa ndege, na bima binafsi ya kulazwa peke yake, kwa sharti moja: kampuni ituandikie kwa barua jina la hospitali ya Mombasa itakayotupokea, na namba ya simu ya kuombea kibali usiku. Barua hiyo bado sijaipata, na fedha yao bado sijaituma.