Makumbusho ya Livingstone Ujiji: kumbe ule mji wa kitabuni upo kweli

Kwa sisi tuliosomea mbali na ziwa Tanganyika, Ujiji ni mji wa kukariri kwa ajili ya mtihani, wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke wakafika 1858, mwandishi Stanley akamkuta mmisionari Livingstone 1871, misafara ya watumwa na pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, unaandika unapata vema basi. Sasa uko Kigoma mwisho wa reli unamsikia konda anaita "Ujiji Ujiji Ujiji, wawili tu tunaondoka", aisee nilicheka peke yangu, mama niliyekaa nae kapakata dumu la mawese anarudi zake kwake, mimi nipo nipo tu kama naota 😂

Makumbusho yenyewe siyo makubwa. Kuna mnara wa mawe una ramani ya Afrika na msalaba, kuna miembe inayosemekana ni vitukuu vya ule mwembe ambao Stanley na Livingstone walikutana chini yake, alafu kuna sanamu za hao jamaa wawili wanasalimiana na kofia zao, kwakweli fundi alijitahidi tu ila nimepiga nao picha.

Kilichonichanganya ni ziwa. Kichwani mwangu walikutana maji yakiwa karibu kabisa, unafika unaliona kule. Kumbe enzi zile lilikua limejaa kweli kweli, miaka hiyo hiyo ya 1870 likapasua njia kutokea mto Lukuga upande wa Kongo na kina kikashuka, yaani hata ufukwe wa kwenye historia wenyewe ulihama.

Muongozaji anajua kazi yake, muulizeni habari za Susi na Chuma, wale watumishi wa Livingstone. Susi ndo alietoka mbio kumwambia Livingstone kuna Mzungu anakuja, na mzee alipofariki 1873 huko Zambia ya sasa hao hao na wenzao wakaubeba mwili kwa miguu mpaka Bagamoyo. Kwa miguu jamani! Mtihani haukuwahi kuuliza hilo.

Nendeni asubuhi, jua la mchana pale halina utani. Mkitoka shukeni ufukweni mkaone mafundi wanavyounda maboti ya mbao, alafu tafuteni mamantilie mle migebuka na ugali wa muhogo. Lodge niliyolala siitaji, maji hamna usiku kucha, nyota mbili. Makumbusho nne, ya tano naishikilia mpaka Susi nae achongewe sanamu.