Spika za koni tatu, na ya katikati ilikuwa pambo

Kama sebule yako ni ya kawaida na hununui spika za kuwatikisa majirani, chukua za njia mbili, yaani koni mbili zinazogawana sauti, uachane na hawa wauza koni. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mwaka huu, sijui ilikuwa kabla au baada ya Pasaka, nilishuka Kariakoo kutafuta spika ndogo za kuweka juu ya kabati. Sabufa sina haja nayo. Mimi ni taarabu ya zamani: fidla, ganuni, mwimbaji, basi. Nikakuta jozi mbili. Moja ina wufa, koni kubwa ya besi, na twita, ndogo ya sauti za juu, basi. Nyingine imeongezwa koni ya fedha katikati, na bei imepanda karibu nusu. Nikauliza hiyo ya katikati inafanya kazi gani. Kijana hakuinua hata macho kwenye simu.

"Mzee, tatu na mbili, ipi kubwa?"

Nikamwambia zile spika za Yamaha NS-10 zilizojaa studio miaka ya 1980 zina koni mbili tu.

"Hizo za enzi zenu, mzee wangu." Wenzake wakaangua kicheko.

Nikalipa za njia tatu hata hivyo, maana kwa nadharia zina hoja: wufa inabaki na besi, twita inabaki na vile vya juu, na sauti ya mtu inapata koni yake.

Nyumbani, bibi wa watu anaimba kama yumo ndani ya pipa. Nikasogeza sikio kwenye koni ya fedha. Kimya. Ya pili, kimya. Fundi wetu wa mtaani akalegeza skrubu, akamulika kwa tochi ya simu: sumaku ipo, vituo vya waya vipo, vinang'aa, havijawahi kuchomelewa kitu. Krosova yenyewe, ile saketi ya kugawia koni sauti, ni kapasita moja kwenye twita; wufa imeachiwa mengine yote. "Hii imekuja kupendezesha, mzee," akasema.

Nikazirudisha. Kijana akanigongea kidole kwenye risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Halafu eti nimeifungua mwenyewe! Nikamwonyesha picha ya ile koni isiyo na waya. Akaitazama, akanirudishia simu. "Lakini si inapiga?"

Si inapiga! Hilo ndilo linaloniamsha usiku, kuliko hata hela.

Sasa, nisiwe mwongo. Shemeji yangu ana njia tatu za kweli, nzito, koni ya kati imetengewa chumba chake ndani ya boksi ili wufa isiisukume. Nilizisikia juzi nikanyamaza. Ganuni unaihesabu uzi kwa uzi. Ningekuwa na sebule yake ningechukua tatu bila kufikiri. Lakini yeye anakaa mbali nazo. Kwangu, kiti na kabati havifiki mita mbili, na kwa karibu hivyo koni tatu kila moja inasema lake. Na bei yake je? Afadhali mbili nzuri. Au tatu, kama zote zina waya, maana sasa hata sijui.

Nendeni na flashi yenye muziki wenu, mweke sikio kwenye kila koni kabla ya kutoa hela. Duka lile nalipatia nyota moja, nayo ni ya mbeba mzigo aliyenifikishia boksi kituoni.