Uzoefu wangu: kumchagua diwani Leicester nikiwa na pasipoti ya Tanzania

Ndugu zetu wengi wanaoishi Uingereza wanaamini kwamba kura ni ya mwenye uraia wa huku tu. Si kweli, na inaniuma kumsikia mtu aliyekaa miaka mingi akisema hivyo, ilhali kila mwezi analipa kodi ya halmashauri. Raia wa nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola mwenye kibali halali cha kuishi Uingereza anaruhusiwa kumchagua diwani, na hata mbunge. Hapo tumo Watanzania, Wakenya, Waganda, na pia Wanyarwanda, maana nchi yao ilijiunga na Jumuiya mwaka 2009. Hata mwenye viza ya mwanafunzi anahesabiwa. Kwa Wakongomani, Warundi na Waomani sheria ni nyingine: England hawaruhusiwi, ila wakiwa wanaishi Scotland au Wales kihalali, kura ya halmashauri wanayo.

Mimi naishi Leicester. Nilijiandikisha kwa ajili ya uchaguzi wa madiwani na meya wa jiji, uliofanyika tarehe 4 Mei 2023, na kujiandikisha ndiko kulikonifurahisha kuliko yote. Nyumbani uchaguzi wa serikali za mitaa una siku zake: mwaka 2024 uandikishaji ulianza tarehe 11 Oktoba ukafungwa tarehe 20, na aliyekuwa safarini akakosa. Huku daftari liko wazi mwaka mzima, mradi uwahi siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Unaingia kwenye tovuti ya serikali, gov.uk, unajaza jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa, uraia na namba ya Bima ya Taifa, ile iliyo kwenye slipu ya mshahara. Chai haijapoa umeshamaliza. Halmashauri ikitaka uthibitisho zaidi itakuandikia, na jina likishaingia unajulishwa.

Angalieni mambo mawili hapo. Jina lako linafuata anwani, kwa hiyo sisi wapangaji tunaohama kila mara lazima tujiandikishe upya tukihama. Halafu kuna kisanduku kinachouliza kama unataka jina lako litolewe kwenye daftari la wazi. Kubali litolewe, kwa sababu daftari hilo huuzwa kwa yeyote anayetaka kulinunua, zikiwemo kampuni za matangazo. Haki yako ya kupiga kura haiguswi. Faida nyingine ambayo watu hawaambiwi: kampuni zinazopima uaminifu wa mkopaji huangalia daftari kuu la wapiga kura, hivyo kuwemo humo kunakusaidia ukiomba mkopo au hata mkataba wa simu.

Mei ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza England kudai kitambulisho chenye picha kituoni. Wengi hawajui kwamba pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubaliwa, hata iliyokwisha muda, mradi sura bado ni yako. Pasipoti ya Tanzania inatosha kabisa. Kinachoweza kusumbua ni jina: dada aliyeolewa na kujiandikisha kwa jina la mume, huku pasipoti ina jina la baba, aje na cheti cha ndoa. Asiye na kitambulisho chochote anaweza kuomba hati maalumu ya mpiga kura, ambayo hutolewa bure. Pamoja na hayo, sharti hili silipendi. Tume ya Uchaguzi yenyewe iliripoti kwamba Mei ile watu wapatao 14,000 walifika vituoni wakaondoka bila kupiga kura kwa sababu ya kitambulisho. Kwangu hao ni wengi mno.

Siku yenyewe ilikuwa tulivu kuliko nilivyotarajia. Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi hadi saa 4 usiku, na aliye kwenye foleni inapogonga saa 4 haachwi. Ni Alhamisi ya kawaida, siku ya kazi. Mlangoni unaweza kumkuta mtu wa chama mwenye utepe kifuani akikuuliza namba yako ya mpiga kura. Hulazimiki kumjibu. Ndani wanatafuta jina, wanatazama pasipoti na uso, wanakupa karatasi. Hakuna wino kidoleni. Unaweka alama ya X kwa penseli ya kituoni, na asiyeiamini penseli anaruhusiwa kutumia kalamu yake. Soma maelezo ya juu ya karatasi kwa makini, kwa sababu baadhi ya kata zina madiwani wawili au watatu, na unaruhusiwa kuchagua idadi hiyo.

Kilichonikosesha raha ni jinsi wagombea wasivyojulikana. Mwenyekiti wa mtaa nyumbani unamjua kwa sura, unajua nyumba yake, na ukitaka barua ya utambulisho unamgongea. Huku nilipata vipeperushi vichache mlangoni, basi. Ilinibidi nitafute mwenyewe nani alisema nini kuhusu nyumba za halmashauri na maktaba, na bila kufanya hivyo ningekuwa nachagua rangi ya chama tu. Lakini baada ya uchaguzi madiwani huweka siku za kuonana na wananchi bila malipo. Nendeni. Mtu anayeamua juu ya takataka zenu, taa za barabarani na foleni ya nyumba anapaswa kuwafahamu kwa majina.

Kwa wenzangu mnaolea wazee kwa zamu za saa 12, kituo kinaweza kufungwa mkiwa bado kazini. Ombeni kura ya posta. Tangu mwishoni mwa Oktoba 2023 maombi hayo yanafanyika mtandaoni, mwisho wake ni saa 11 jioni, siku 11 za kazi kabla ya uchaguzi, na karatasi inakuja nyumbani na bahasha ya kurudishia isiyohitaji stempu.