Poda ya permethrini kwa kuku anayeatamia: dawa nzuri, kopo bovu

Inaua chawa, na kuku wangu hakuyasusa mayai. Hayo mawili ndiyo niliyoyataka, nimeyapata, kwa hiyo malalamiko yatakayofuata yasikutishe.

Ninayoizungumzia ni ile poda ya kuku yenye permethrini asilimia 0.25, ya kopo lenye kifuniko cha matundu. Si ile dawa ya maji ya kuogeshea mifugo. Ile ni kali, huchanganywa na maji kwanza, na kuku aliyelala juu ya mayai huna sababu ya kumlowesha.

Kuku anayeatamia huonewa na chawa kuliko wenzake wote. Hajigaragazi vumbini ipasavyo, anatoka mara moja kwa siku kula, kunywa na kunya lile rundo lake kubwa, kisha mbio kiotani. Huyu wangu mwekundu alikuwa anajidonoa chini ya bawa mpaka mayai yanagongana. Nilipompindua na kupuliza manyoya chini ya mkia, vidudu vya manjano hafifu vikatimka kukimbia mwanga, na kwenye mashina ya manyoya kuzunguka tundu la haja mayai yao yalikuwa yameshikana kama sukari iliyopata unyevu. Kuku wa hivyo anaweza kukiacha kiota, na asipokiacha, vifaranga wakitotolewa tu chawa wanawahamia. Kifaranga hana damu ya kuchangia.

Sasa kopo. Ukilitikisa juu ya kuku, nusu ya dawa inaingia puani mwako na robo inamwagika kwenye mayai. Mimina poda kwenye soksi kuukuu, ifunge, halafu mgongegonge nayo kuku taratibu: tundu la haja, shina la mkia, chini ya mabawa, mapajani, shingoni. Usoni usimguse. Paka jioni giza likiingia, maana saa hizo hata kuku mkorofi hulegea. Mtoe nje ya kiota, mpake, upeperushe iliyozidi, kisha mrudishe. Dakika kumi na tano za kukaa bila mama haziyaui mayai, kwani kila siku anayaacha hivyo mwenyewe akienda kula.

Wakati yuko nje, ondoa matandiko yote ya zamani. Poda kidogo sakafuni mwa kiota, matandiko mapya juu, mayai juu yake. Mayai yenyewe usiyapake chochote, hasa mafuta: ganda lina vitundu ambamo kifaranga hupata hewa, na mafuta yanaviziba.

Matokeo yalionekana haraka. Kesho yake nilipompekua, chawa waliokuwa wakikimbia walikuwa wa kutafuta kwa tochi, naye amelala ametulia. Lakini mayai ya chawa yako palepale, kwa sababu poda hii haiyaui, nayo huanguliwa ndani ya wiki moja hivi. Maelezo ya kopo yanasema "rudia ikibidi". Ikibidi! Hakuna cha ikibidi hapo: unarudia baada ya siku 7 hadi 10, la sivyo umewapa chawa likizo tu. Kuku anaatamia siku 21, hivyo hesabu mapema. Awamu ya pili iishe kabla ya siku ya 18, kwani baada ya hapo mama anatakiwa aachwe bila bughudha, na vifaranga wasikute poda mbichi kiotani. Bora zaidi ni kumpaka kabla hujamwekea mayai kabisa, na kopo halisemi hilo popote. Juu ya kuku anayeatamia halina hata sentensi moja.

Kosa kubwa kuliko yote ni onyo la paka, lililochapwa kwa herufi za sisimizi. Permethrini ni sumu kali kwa paka, na kwa samaki vilevile. Kama paka wako hupenda kulala bandani, mfungie nje, na soksi usiisuuze karibu na bwawa.

Wapo watakaosema jivu linatosha. Jivu ni zuri kwa kuku anayetembea na kujigaragaza mwenyewe. Kwa huyu aliyeganda kiotani kutwa, kumnyunyizia jivu ni kumpigisha chafya.

Nyota nne. Ila kabla ya kununua, nenda bandani usiku na tochi. Ukikuta vidudu vyekundu vimejaa kwenye nyufa za mbao na chini ya vitulio, hao si chawa, ni utitiri: usiku hunyonya damu, mchana hurudi kujificha mbaoni. Kumpaka kuku peke yake hakutawamaliza. Hao uwafuate kwenye nyufa.