Waya za betri kwa gari la spoti la zamani: upi ununue, upi uuache dukani

Gari langu ni Toyota Celica ya 1995, injini ya 3S ya lita mbili, na nalilaza nje Uyole, Mbeya. Julai ya kwanza nikiwa nalo lilinifundisha sauti moja tu: tik. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kioo kimelowa umande, nazungusha ufunguo, taa za dashibodi zinafifia, na chini ya boneti inasikika tik. Narudia, tik. Vijana wa bodaboda pale kona walifikia hatua ya kuweka vikombe vya chai chini kabla sijawaita.

Nikanunua betri mpya. Wiki mbili baadaye, tik. Nikashusha stata, fundi akabadilisha kaboni, ikazunguka vizuri siku tatu. Tik. Kilichokuwa kinaniumiza muda wote ni waya mbili zilizotoka kiwandani pamoja na gari, na ambazo hakuna aliyewahi kuzitazama. Nilipochana ganda la ule wa chanya karibu na teminali, shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Ndiyo maana nawaandikia wenye Celica, Altezza, MX-5 na BMW za miaka ya 90 wanaoishi kwenye baridi hii yetu: msiende kununua betri ya pili kabla ya kusoma hapa.

Kwanza pima, huenda huna haja ya kununua

Chukua mita ya fundi, iweke kwenye volti 20 za DC. Chomoa fyuzi ya mfumo wa mafuta, kwenye Toyota imeandikwa EFI, ili injini izunguke bila kuwaka. Ncha nyekundu ibandike kwenye nguzo ya risasi ya chanya ya betri yenyewe, siyo kwenye teminali iliyoibana. Ncha nyeusi iguse nati ya stata pale waya mnene unapofungwa. Mwambie mtu apige stata sekunde tano. Namba inayotokea ni volti zinazopotea njiani. Ikizidi 0.5, njia ya chanya inaumwa. Kisha hasi: ncha moja kwenye nguzo ya hasi, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Hapo ikizidi 0.3, athi, yaani njia ya umeme ya kurudi kwenye hasi, ni mbovu.

Kwangu chanya ilikula 1.4 na hasi 0.9. Betri ilikuwa imebaki na 10.8 wakati wa kupiga, kwa hiyo stata ilipokea 8.5. Kwa volti hizo, asubuhi ambayo oili imekuwa nzito kama asali ya msimu wa baridi, usitegemee muujiza. Betri ya asidi nayo hupoteza nguvu kadiri baridi inavyozidi, ndiyo maana waya uliochoka unaweza kufichika Desemba nzima ukajitangaza Juni.

Pima pia kati ya nguzo na teminali yake. Kama upotevu wote uko hapo, maji ya moto yenye magadi, msasa na vaselini vitakutibu bure. Nimeona zaidi ya gari moja hapa mjini lililobadilishiwa betri kwa sababu ya uchafu mweupe ambao ungetoka kwa mswaki wa zamani.

Unene gani

Stata ya silinda nne ya lita mbili huvuta takriban ampea 150 hadi 250 inapozungusha, na baridi ikikaza huvuta zaidi. Kwa ampea 200, kila mita ya waya wa shaba wa milimita za mraba 16 inakula kama volti 0.22. Wa 25 unakula 0.14, wa 35 unakula 0.10, wa 50 unakula 0.07. Kumbuka umeme unaenda na kurudi, kwa hiyo athi nayo ina bili yake.

Kama betri iko mbele, 35 inatosha na kubaki. Ukiona mtu anakuuzia 70 kwa Altezza, anakuuzia uzito. Kama betri iko kwenye buti, mfano MX-5 za kwanza au BMW E36 za silinda sita, na unaubadilisha ule waya mrefu unaopita chini ya zulia, nenda 50. Kwenye vifaa vya muziki utakuta geji badala ya milimita: geji 4 ni kama 21, geji 2 ni kama 34, geji 0 ni kama 53. Namba ikishuka, waya unanenepa. Wauzaji wengine hawalijui hili, na wengine wanalijua vizuri sana.

Sasa madaraja, kwa mtazamo wangu.

Namba moja: waya wa kuchomelea, wa shaba, wa kukatiwa kwa mita

Huu ndio niliofunga. Ndani una mamia ya nyuzi nyembamba kama nywele, kwa hiyo unakunjika kama kamba na hauchoki kwa mtikisiko wa injini. Unauzwa kwenye maduka ya mashine za kuchomelea, na siku hizi hata kwa watu wa sola, kwa sababu inveta nazo zinataka waya mnene na laini. Celica yangu ilihitaji chini ya mita tatu kwa njia zote, na gharama yote pamoja na lagi, vile vichwa vya chuma vinavyobanwa mwisho wa waya, na ufundi haikufikia bei ya ile betri niliyoinunua bure.

Una udhaifu wake. Ganda la mpira halipendi joto la egzosi, na mengine hayapendi petroli wala oili. Upitishe mbali na manifoldi, uvishe bomba la plastiki lenye mikunjo, ufunge kila baada ya shubiri mbili ili usicheze.

Ugumu uko kwenye kuupata wa shaba kweli. Mara ya kwanza nilinunua mwekundu, mzuri, mnene, duka moja hapa mjini, nikaambiwa ni 35 halisi. Fundi aliupokea mkononi, akaurusha juu kidogo kama mtu anayepima chenji, akasema, "Mkuu, huu ni mwepesi." Tukakata mita moja, na mita moja ya waya wa kuchomelea aliokuwa nao yeye, nikaenda navyo hadi Soko la Soweto kwa mama mmoja anayeuza mchele.

"Shikamoo mama. Naomba unipimie hivi."

"Marahaba. Mwanangu, leo umeniletea nyoka?"

Wa fundi ulisoma nusu kilo kasoro. Wangu haukufika robo. Hesabu yake si ngumu: mita moja ya shaba ya 35, ganda likiwa limetolewa, ina kama gramu 310. Alumini iliyopakwa shaba juu haifiki nusu ya hapo, na hupitisha umeme karibu theluthi mbili tu ya shaba safi. Kwa maneno mengine, nililipia 35 nikapewa kazi ya 22.

Huna mzani? Chomoa unyuzi mmoja, ukwangue kwa wembe. Ukiona weupe ndani, rudisha. Au ushike kwenye moto wa kiberiti cha gesi: wa alumini utalegea na kukatika, wa shaba utawaka wekundu kisha ubaki mweusi ukiwa mzima. Na soma maandishi kwenye ganda. Hapa kuna mtego unaochekesha: kwenye betri, herufi CCA ni sifa, zinaeleza nguvu ya kuwasha kwenye baridi, na namba ikiwa kubwa ni heri. Kwenye waya, herufi hizohizo maana yake ni alumini iliyovishwa shaba. Muuzaji mmoja aliwahi kunionyesha CCA ya waya kama cheti cha ubora. Sikumbishia, niliaga tu.

Namba mbili: waya wa kiwandani uliotumika, kutoka gari lililokatwa

Waya mpya wa kiwandani, ukiupata kwa namba ya gari lako, ununue bila kusoma zaidi. Ila gari la miaka 30 halina tena uhakika huo, kwa hiyo tuzungumzie mtumba. Faida yake ni kubwa: urefu ni sahihi, vishikizo vimo, na waya mwembamba wa pembeni unaokwenda kwenye boksi la fyuzi uko palepale. Shaba ya Wajapani wa enzi zile haina ubishi.

Lakini nawe usinunue picha. Ukunje karibu na teminali, mahali pa kwanza pa kuoza. Ukisikia kama unakunja mchanga, au ganda limevimba, kutu imeshaingia ndani. Mwombe muuzaji akuruhusu kuchana sentimita mbili. Akikataa, ameshakujibu. Na hata ukiwa mzima, utabaki na unene uleule wa kiwandani, kwa hiyo mwenye stata nzito au muziki mkubwa hatapata nafuu anayoitaka.

Namba tatu: waya wa muziki ulioandikwa OFC

Hii ni shaba safi, laini, ganda zuri, na rangi za kupendeza kwa wanaopenda kufungua boneti mbele za watu. Sina ugomvi nao isipokuwa bei, na ule ukweli kwamba ganda mara nyingine ni nene kuliko shaba yenyewe. Geji 4 ya OFC inafaa kwa athi ya ziada kati ya injini na bodi. Kwa stata chukua geji 2 au 0. Kipimo cha wembe kifanye hapa pia, kwa sababu maandishi ni wino tu.

Namba nne: ule uliotengenezwa tayari, teminali imeyeyushiwa ndani yake

Unaning'inia kila duka la spea kuanzia Mwanjelwa hadi Makambako. Utakufikisha nyumbani. Urefu wake huwa si wako, ama unavutika au unazagaa, na wengi ni wembamba kuliko ganda linavyodai. Nauweka kwenye buti kwa dharura.

Nje ya orodha kabisa: waya za kubustia zilizokatwa na kufungwa teminali, na waya wa nyumba, hata ule wa njano na kijani ambao mafundi wengi wanaupenda kwa athi. Wa nyumba una nyuzi chache nene. Ukutani hautikisiki, kwenye injini utakatika ndani kwa ndani bila kukuaga.

Teminali na lagi, hapa ndipo pesa hupotea

Betri za Kijapani zina nguzo za aina mbili. NS40 na NS60 za kawaida zina nguzo nyembamba. 55D23 na ndugu zake zina nguzo nene. Ukiona NS60S, ile S inakuambia ni mwili wa NS60 wenye nguzo nene. Watu wakibadilisha betri kutoka nyembamba kwenda nene hupanua teminali kwa bisibisi, na wakirudi hujaza pengo kwa kipande cha kopo la soda. Mimi nilikuta msumari. Na kwa kila betri nguzo ya chanya ni nene kuliko ya hasi, kwa hiyo teminali zinauzwa jozi na hazibadilishani. Nenda dukani na betri, au piga picha maandishi yake.

Lagi iwe ya shaba iliyopakwa bati, yenye muhuri kama 35-8, yaani waya wa 35 na boliti ya milimita 8. Lagi nyeupe nyepesi ya alumini iache, hiyo ina kazi zake kwenye nguzo za umeme. Kubana ni kwa mashine ya haidroliki yenye meno ya pembe sita. Mafundi wa sola wanazo, na kubaniwa lagi nne ni kazi ya dakika kumi. Atakayekuambia atagonga kwa nyundo kwenye jiliwa kisha amwagie risasi, mshukuru uondoke: risasi hupanda ndani ya nyuzi na kuufanya waya kuwa mgumu pale mwishoni, na hapo ndipo unapokatikia. Malizia kwa mpira unaosinyaa kwa moto, wenye gundi ndani, ili unyevu wa Tukuyu usipate pa kuingilia.

Siku ya kufunga

Hasi itoke kwanza, irudi mwisho, ili spana ikigusa bodi wakati unafungua chanya kusiwe na cheche. Usiondoe fyuzi kubwa zilizo kwenye njia ya altaneta na boksi kwa sababu tu waya mpya ni mzuri. Zimewekwa ili gari lisiungue.

Athi ni tatu, siyo moja: betri hadi bodi, bodi hadi injini, betri hadi gearboksi. Kwangua rangi hadi chuma king'ae, funga, kisha paka grisi juu. Fundi aliyenisaidia aliwahi kupokea gari ambalo waya wa mafuta, ule wa chuma unaovutwa na pedeli, ulikuwa unapata moto kila likipigwa stata. Athi ya injini ilikuwa imekatika, na umeme ukatafuta njia ya kurudi kupitia waya huo wa pedeli. Mwenye gari alikuwa ameshabadilisha waya wa mafuta mara mbili.

Baada ya kufunga nilipima upya: chanya 0.25, hasi 0.1. Injini ikiwaka, mita kwenye betri inasoma 14.2. Baada ya wiki mbili na safari moja ya Chunya nilirudisha spana kwenye nati zote. Ya gearboksi ilikuwa imelegea robo mzunguko.