Kaseti ya choo ya H. pylori: nunua hii, ya damu iache

Kwenye kabati la maabara kaseti hizi mbili za kupima H. pylori, bakteria wa tumboni, hufanana kama pacha, lakini kazi zao ni tofauti kabisa. Ya damu husaka kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na bakteria, ambazo hubaki mwilini miezi mingi baada ya bakteria kufa. Ndiyo maana mtu aliyemaliza dozi huambiwa "bado unao". Ya choo husaka protini za bakteria mwenyewe. Akishatoweka, nazo hutoweka. Kwa kuhakikisha kupona, ya damu ni hela ya bure.

Kasoro nyingi zinazosingiziwa kaseti ni za mkono. Kijiti kilicho kwenye kifuniko cha kichupa cha sampuli kina mifereji midogo: choma choo sehemu tatu au nne tofauti, usichote. Kilichojaa kwenye mifereji kinatosha. Ukizidisha, kichupa kinageuka uji, maji hayapandi kwenye utando, mstari wa C (unaoonyesha kaseti imefanya kazi) hautokei, na kaseti ndiyo imekwenda. Tikisa, acha makapi yatulie, kisha dondosha matone kwa idadi iliyoandikwa kwenye karatasi yake, kwa kawaida mawili. Mstari wa T (wa kipimo chenyewe) ukitokea ndani ya muda uliowekwa, hata uwe hafifu, ni chanya. Ukijitokeza baadaye, usiuhesabu.

Hasi ya uongo (kaseti kusema hayupo ilhali yupo) huletwa zaidi na omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo. Hupunguza bakteria bila kuwamaliza, protini zinazofika chooni zikawa chache mno. Isimamishwe wiki 2 kabla ya kipimo, na antibayotiki zipite wiki 4. Choo cha majimaji nacho huzimua sampuli.

Upungufu wa kweli ni kwamba kaseti haisemi ni aina gani ya H. pylori. Zipo zenye CagA, protini ambayo bakteria huidunga ndani ya seli ya ukuta wa tumbo kwa kitu kama sindano. Humo, vimeng'enya vya seli yenyewe huibandika fosfeti, kemikali inayoiamsha (mwenye nyumba anamnolea mwizi panga!), kisha CagA humnasa SHP2, protini ya seli inayosimamia ukuaji, na seli hurefuka na kuachana na wenzake. Aina hizi ndizo zinazohusishwa zaidi na vidonda na saratani ya tumbo. Kaseti hujibu yupo au hayupo, basi.

Chanya pia haimaanishi kidonda. Mwenye choo cheusi kama lami au anayekonda bila sababu apelekwe kamera ya tumboni (endoskopia), hata kaseti ikisoma hasi.